Mwalimu Sufuria na Watoto Arobaini na Watatu

Wasikilizaji wapendwa, habari za mchana. Kama una kitu jikoni, punguza moto kidogo. Kama unashona, shona taratibu. Leo tunamkumbuka mwalimu. Mwalimu huyu alifundisha watoto wadogo kuchora na kupaka rangi, darasa la kwanza na la pili, kwa miaka thelathini na saba. Wanafunzi wake walimwita Mwalimu Sufuria. Alifariki dunia siku kumi na moja zilizopita, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Nawaonya mapema, wasikilizaji. Kumbukumbu hii ina hofu ndani yake. Mimi niliposimuliwa nilikuwa nimekaa, na bado nilitafuta pa kushika. Nimezungumza na binti yake wa pekee. Nimezungumza na mtunza stoo wa shule, na dereva mmoja wa basi aliyestaafu. Kila mmoja ameniambia sehemu yake, nami nimeziunganisha.

Tuanze na hiyo sufuria.

Alipoanza kazi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Aliambiwa afundishe sanaa. Akauliza rangi ziko wapi. Mwalimu mkuu wa wakati ule akacheka, akamwonyesha ufagio. Kipindi cha sanaa pale shuleni kilikuwa kipindi cha kufagia uwanja. Hakukuwa na rangi, wala brashi, wala karatasi ila zile za mitihani ya zamani zilizoandikwa upande mmoja.

Mwalimu hakubishana. Wiki iliyofuata alikuja na sufuria kutoka nyumbani kwake. Alichemsha maji kwenye jiko la shule, akatia unga wa ngano, akatia chumvi kidogo, akakoroga mpaka ukawa mzito. Akagawa sehemu tatu. Moja akaitia rangi nyekundu ya unga, ile ya kutilia keki. Ya pili njano. Ya tatu bluu. Kila mtoto akapata kifuniko cha chupa kubwa chenye vijiko viwili vya rangi, na brashi zake zilikuwa vidole vyake kumi.

Watoto wa miaka sita, wasikilizaji, kidole kikishaingia kwenye kitu laini, kituo kinachofuata ni mdomo. Mwalimu alilijua hilo. Ndiyo maana alitumia vitu vinavyolika. Na alikuwa na maneno yake ya kila siku, ambayo watoto waliyasema pamoja naye kwa sauti moja. Alikuwa akiuliza, "Tukilamba?" Nao wakaitika, "Hatufi." Nawaomba myakumbuke maneno hayo.

Hakuwa akimuuliza mtoto, "Hiki ni nini?" Alisema swali hilo linamfanya mtoto aone aibu. Alikuwa akisema, "Haya, nisimulie." Mtoto mmoja alimpaka mama yake rangi ya kijani tupu, kuanzia nywele hadi viatu. Mwalimu akasema, nisimulie. Mtoto akajibu, "Hapo alikuwa hajalipenda jibu la baba." Mwingine alimchora mwalimu mkuu akiwa na masikio makubwa kama masufuria. Mwalimu mkuu alipouliza kwa nini, yule mtoto akasema, "Kwa sababu unasikia tukiongea hata ukiwa mbali." Picha ile ilikaa ofisini miaka mingi.

Basi miaka kumi na mitatu ilipita hivyo. Mambo yalikuwa mazuri. Sasa nakupeleka kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Mwalimu alikuwa na miaka thelathini na sita. Darasa la kwanza lilikuwa na watoto arobaini na watatu. Nasema tena: watoto arobaini na watatu.

Unga wake ulikaa stoo, ndani ya kopo kubwa la maziwa. Mwanzoni aliuweka kwenye rafu ya chakula, na kila wiki wapishi wakauchota wakidhani ni wao. Kwa hiyo akauhamishia rafu ya chini, rafu ya sabuni, chaki na mafuta ya taa. Alijua mpishi mwenye akili timamu hatafuti chakula kwenye rafu ya sabuni. Alijihami. Alifikiri vizuri.

Mtunza stoo naye alikuwa na panya. Panya walikuwa wamekula hadi kamba za magunia. Siku moja kabla, alinunua sumu, akaichanganya na unga wa ngano, maana panya wa pale walikuwa wameshakinai vitu vingine. Unga wenye sumu akautia kwenye kopo kubwa la maziwa. Akajiuliza auweke wapi mahali ambapo mpishi hatauchota kwa makosa. Akauweka rafu ya sabuni. Naye alijihami. Naye alifikiri vizuri.

Mtunza stoo ameniambia hivi: "Nilijua kopo la mwalimu liko pale. Ila nikadhani atalijua lake. Langu nililiweka mbele ili nilichote haraka jioni. Basi. Hiyo ndiyo akili niliyotumia."

Asubuhi mwalimu aliingia stoo. Alichota kwenye kopo la mbele.

Alipika. Alikoroga. Aligawa vifuniko arobaini na vitatu. Akauliza kama kawaida yake, "Tukilamba?" Wakaitika wote, "Hatufi."

Saa sita kamili watoto wa darasa la kwanza walikwenda nyumbani. Saa saba kasorobo mwalimu alikuwa peke yake darasani, anatundika karatasi kwenye kamba zikauke. Mtunza stoo akaja akasimama mlangoni. Hakuingia.

"Mwalimu, leo umechota unga?"

"Nimechota."

"Kopo lipi?"

"La mbele."

Mtunza stoo akainua pakiti ya sumu aliyokuwa nayo mkononi. "La mbele ni la panya," akasema mtunza stoo.

Binti yake anasema mama alimsimulia dakika ile mara moja tu maishani. Alimwambia kwamba hakulia, wala hakupiga kelele. Aliyasikia yale maneno yake mwenyewe, hatufi, hatufi, kwa sauti arobaini na tatu. Kisha akachukua pakiti ya sumu mkononi mwa mtunza stoo na kukimbia.

Zahanati haikuwa mbali. Tabibu alikuwa akila chakula chake cha mchana. Alisoma pakiti, akaweka kijiko chini.

"Watoto wanajisikiaje?" akauliza.

"Wamekwenda nyumbani wakicheza."

"Watacheza na leo, watacheza na kesho," akasema tabibu. "Sumu hii haina haraka. Inazuia damu kuganda. Siku ya tatu, ya nne, mtoto anatoka damu puani, kwenye fizi, halafu ndani ambako huioni. Aliyelamba kidogo huenda asipate neno. Aliyekula vya kutosha, akiachwa hadi damu itoke, sikuahidi kitu. Sindano ya kuizuia ninayo, na nitatuma nyingine ziletwe. Lakini niletee watoto wote, na uniambie nani amekula sana."

Nani amekula sana? Watoto arobaini na watatu, wote walikuwa na vidole vya rangi, wote walikuwa wamelamba. Mtu mwingine angeshika kichwa. Lakini huyu alikuwa mwalimu wa sanaa, na kazi zao zilikuwa bado zinaning'inia kwenye kamba.

Alirudi darasani. Alipita karatasi moja moja. Kila mtoto alikuwa amepewa vijiko viwili, si zaidi wala si pungufu. Rangi ambayo haikuwa kwenye karatasi wala kwenye kifuniko ilikuwa tumboni. Karatasi iliyojaa, nzito, mwenyewe amelamba kidogo tu, akaiweka kushoto. Karatasi yenye rangi hafifu na kifuniko kitupu akaiweka kulia. Upande wa kulia zilifika kumi.

Karatasi ya mwisho ilikuwa nyeupe.

Ilikuwa nyeupe, wasikilizaji, ila alama moja ya kidole gumba, ya bluu, pembeni. Na kifuniko chake kiling'aa kama kimeoshwa. Ilikuwa karatasi ya msichana mmoja wa miaka saba ambaye darasa zima lilimwita Kijiti kwa wembamba wake. Na mwalimu alikumbuka. Asubuhi ile alimwona Kijiti mdomo ukiwa wa bluu hadi kidevuni. Alimwona akakwangua kifuniko. Na alicheka. Alimwambia, "Mwenzetu leo umekuja kula," na darasa likacheka naye.

Baadaye ilijulikana kwamba Kijiti alitoka nyumbani bila kunywa hata chai. Bibi yake alikuwa akifunga mizigo ya safari, na asubuhi ya kufunga mizigo kila mtu anadhani mwenzake ndiye aliyemlisha mtoto.

Sasa alikwenda kwa mwalimu mkuu. Hakuwa yule wa ufagio, huyu alikuwa mwingine, mtu mpole, na nisingependa mumchukie. Alikuwa na hofu, kama mtu yeyote. Alifunga mlango wa ofisi, akazungumza kwa sauti ndogo.

"Mwalimu, tusikurupuke. Wameondoka wazima. Tukitangaza, mji mzima utakuwa hapa na mapanga. Kesho tuite majina. Wakija wote arobaini na watatu, tumepona."

"Na wakija arobaini na wawili?"

Mwalimu mkuu akainuka, akafunga na dirisha.

"Naomba daftari la mahudhurio," akasema mwalimu. "Lenye majina ya mitaa."

Alipoona mkono wa mwenzake hausogei, alilichukua mwenyewe mezani. Mtunza stoo alikuwa nje na baiskeli. Mwalimu akampa majina ya upande wa sokoni. Wakati mtunza stoo anaondoka, mwalimu mkuu akatoka ofisini, koti begani, hana kofia, akasema, "Nipe na mimi upande wa reli." Ndivyo ilivyokuwa. Mtu anaweza kuogopa na bado akatembea.

Mwalimu alikwenda kwa Kijiti kwanza. Saa nane alikuwa mlangoni. Shangazi wa Kijiti, aliyekuwa akiishi pale, alikuwa akifua uani.

"Kijiti yuko wapi, dada?"

"Mbona wameshaondoka? Bibi yake alimsubiri getini mwa shule na mizigo. Wamepanda basi la saa saba, wanakwenda kukaa kwa bibi siku chache. Karibu ukae, mwalimu."

Basi la saa saba. Lilikuwa na saa nzima barabarani. Lilikuwa linakwenda mbali, likiingia huko jioni, na kutoka kituo cha mwisho bibi alikuwa na mwendo wa miguu hadi kwake, mahali ambapo hapakuwa na zahanati. Siku ya tatu ingemkuta Kijiti huko. Siku ya nne ingemkuta huko.

Na zilikuwa siku ambazo simu ni za kuhesabu. Alikimbia duka la jirani, akaomba simu, akapiga ofisi ya mabasi. Iliita mpaka ikajikatia. Akapiga tena. Ikaita, ikajikatia.

Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo njia yake ilipogeuka kuja hapa. Alikuja kwenye redio hii. Alikuja kwa miguu, na njiani alikuwa na nyumba saba za wanafunzi wake, na hakuiruka hata moja. Kila mlango alisema maneno yaleyale. "Mimi ni mwalimu wa sanaa. Leo nimewapa watoto rangi yenye sumu. Mpeleke mtoto zahanati sasa hivi." Alianza na neno mimi kila mara. Katika nyumba ya nne, mama mmoja fundi cherehani alimzaba kofi mpaka kitambaa cha kichwa kikaanguka.

Mwalimu aliokota kitambaa. "Utanipiga baadaye," akasema. "Mbebe mtoto kwanza."

Alifika hapa saa tisa na nusu, vumbi hadi magotini. Mtangazaji wa zamu alikuwa mzee wetu, ambaye wengi wenu mnaikumbuka sauti yake. Amestaafu, na nimemtembelea juzi. Anasema alidhani mama yule amekuja kuleta tangazo la msiba, kwa jinsi uso ulivyokuwa. Akampa karatasi aandike.

Aliposoma, akamwambia, "Dada, hili ni zito. Kwanza lazima mkuu wa kituo aidhinishe, na ametoka, atarudi saa kumi na nusu. Pili, hapa umeandika mimi. Usiandike mimi. Andika mwalimu mmoja. Hujui watu."

Mwalimu akamjibu, "Wakisikia mwalimu mmoja, watadhani ni uvumi. Wakisikia mimi, wataamini." Kisha akaongeza, "Kaka yangu, basi haliwezi kumsubiri mkuu wako."

Mzee wetu alimtazama. Alikuwa na watoto wanne nyumbani. Akasimamisha muziki katikati ya wimbo, kosa ambalo lilimletea barua ya onyo baadaye, akamsogezea kipaza sauti.

Tangazo lile halikurekodiwa. Lakini mzee ameihifadhi karatasi, nami ninayo hapa mbele yangu. Naisoma ilivyo.

"Mimi ni mwalimu wa sanaa wa shule ya msingi. Leo asubuhi nimewapa watoto wa darasa la kwanza rangi niliyoipika mwenyewe. Rangi hiyo ilikuwa na sumu ya panya. Wazazi wote wa darasa la kwanza, pelekeni watoto zahanati sasa. Kuna mtoto mmoja namtafuta. Ana miaka saba, mwembamba sana, amevaa sare na sweta la kijani. Yuko kwenye basi la saa saba pamoja na bibi yake. Kidole gumba chake cha kulia kina rangi ya bluu. Ataonekana mzima. Si mzima. Ataonekana mzima, lakini si mzima. Dereva, tafadhali, simama kwenye kituo cha afya chochote. Waambie ni sumu ya panya, ile inayozuia damu kuganda. Kosa ni langu."

Aliisoma mara mbili. Ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi na tano.

Baada ya hapo alitoka nje, akakaa kwenye ngazi zetu hizi za mbele. Hakuna aliyejua kama dereva wa basi lile ana redio. Hakuna aliyejua kama imewashwa. Mzee anasema alimpelekea maji, naye akanywa nusu bilauri. Halafu akanyanyuka, akaenda kumalizia nyumba zilizobaki, maana kuogopa kwa ajili ya mmoja hakukumpa ruhusa ya kuwaacha wengine. Kufikia saa kumi na mbili jioni watoto arobaini na wawili walikuwa zahanati, wengine wanalia kwa sababu ya sindano, wengine wanalia kwa sababu wenzao wanalia. Arobaini na wawili. Wa arobaini na tatu hakuwepo.

Sasa msikieni dereva. Ana miaka sabini na mmoja, bado ana utani. "Mimi matangazo yenu sikuwa nayapenda," ameniambia. "Ya vifo, ya ng'ombe aliyepotea. Yakianza tu nahamia stesheni nyingine. Lakini kile kitufe cha kuhamishia kilikuwa kimevunjika wiki ile. Kwa hiyo nikalazimika kusikiliza. Nikasikia sauti ya mwanamke. Mtu anayetangaza hatetemeki vile. Nikasimama katikati ya barabara. Nikawaambia abiria, kila mwenye mtoto anionyeshe kidole gumba. Wakadhani nimerukwa na akili. Nikapita kiti kwa kiti. Kiti cha tatu kutoka nyuma, bibi mmoja amelala, mtoto yuko macho anatazama nje. Nikamwambia mtoto, mama, nipe mkono. Akanipa. Bluu."

Kituo cha afya kilikuwa nyuma yao, kilomita tisa. Dereva aligeuza basi lenye abiria wake wote. Anasema hakuna hata mmoja aliyelalamika kuhusu kuchelewa, na hilo halikuwahi kumtokea tena katika kazi yake.

Kijiti alichomwa sindano jioni ileile. Kesho yake gari la wagonjwa lilimleta hospitali kubwa. Siku ya tatu akatoka damu puani, kama tabibu alivyosema. Ilitoka, ikakatika. Ilitoka tena, ikakawia kukatika. Alilazwa siku kumi na sita.

Mwalimu alikuwa amesimamishwa kazi muhula mzima. Alikwenda hospitali siku ya kwanza, akamkuta bibi wa Kijiti mlangoni mwa wodi. Akapiga magoti. Bibi akamwonyesha benchi la barazani.

"Kaa pale," akasema bibi. "Usiingie. Na usiondoke."

Basi alikaa. Siku kumi na sita, tangu saa ya kuingia wageni hadi saa ya kutoka, kwenye benchi. Binti yake, aliyekuwa na miaka kumi, alikuwa akimletea chakula baada ya shule. Anakumbuka mikono ya mama yake. "Alikuwa ananawa mikono kila dakika," ameniambia. "Ngozi ilikuwa imekunjamana kama ya mtu aliyefua mchana kutwa. Nesi akitoka tu, mama anasimama. Asipoambiwa kitu, anakaa. Mimi nilikuwa naogopa mlango ule kuliko kitu chochote duniani. Siku ya kumi na sita bibi akatoka amemshika Kijiti mkono. Akamwambia mama, sasa nenda ukalale, mwanangu."

Hakufa mtoto hata mmoja, wasikilizaji. Watoto arobaini na watatu, hakufa hata mmoja.

Lakini msidhani hofu iliondoka pamoja na dawa. Muhula uliofuata mwalimu alirudi darasani na sufuria yake. Wazazi wengi walipinga. Bibi wa Kijiti alisimama mkutanoni akasema, "Mwalimu mwingine mtakayemleta hajawahi kukosea. Huyu ameshakosea na nimemwona. Mwacheni." Wakamwacha.

Aligawa vifuniko arobaini na vitatu. Hakuna mtoto aliyegusa. Walikuwa wamekunja mikono, wengine wamekalia vidole vyao. Hakuuliza lile swali lake, na hakuliuliza tena hadi anastaafu. Alichukua kijiko, akachota nyekundu akala. Akachota njano akala. Akachota bluu akala. Kisha akavuta kiti akakaa mbele yao, mikono juu ya magoti.

Kipindi kizima, dakika arobaini, watoto arobaini na watatu walikaa kimya wakimtazama kama atakufa. Hakuna aliyechora. Kengele ikalia, wakaondoka.

Wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Alikula, akakaa, wakamtazama. Wiki ya tatu alikula, akakaa. Baada ya muda Kijiti akanyanyua mkono.

"Mwalimu, unaogopa?"

"Naogopa," akasema mwalimu.

Kijiti akafikiri. "Basi tuanze," akasema, akatia kidole.

Tangu hapo, kwa miaka ishirini na mitatu, mwalimu alionja kila rangi saa moja kabla ya kipindi, peke yake, ofisini, na kusubiri. Walimu wapya walimcheka. Hakuwaeleza. Binti yake anasema asubuhi za siku ya sanaa mama hakuwa akiongea nyumbani, na hilo halikubadilika hata alipobakiza mwezi mmoja kustaafu.

Mtunza stoo alisimama makaburini wiki iliyopita akashindwa kuongea. Nilipomfuata nyumbani aliniambia neno moja tu zaidi. "Tulikosea wawili. Redioni alisema kosa ni langu. Mimi hakunitaja. Miaka thelathini na mmoja, hakuwahi kunitaja." Ameniomba nimtaje yeye leo. Nimemtaja.

Kwa niaba ya kituo hiki natoa pole kwa binti wa marehemu na watoto wake wawili. Pole kwa walimu wenzake. Pole kwa wanafunzi wake wote, ambao sasa wengine wana wajukuu. Pole kwako Kijiti, ambaye umenikataza nisiseme unafanya kazi gani, ila umeniruhusu niseme wewe ni mzima na una watoto watatu. Mungu ampumzishe mwalimu wetu, na awape nyinyi subira.

Na wewe unayenisikiliza, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Labda una jambo unalolijua peke yako, na unangoja kesho uone kama litapita lenyewe. Nilimuuliza dereva swali la mwisho kabla sijaaga. Nilimuuliza walikuwa wamefika wapi tangazo lilipotoka. Akanieleza kwamba mbele yao kulikuwa na mlima, na ukishaingia nyuma ya mlima ule, redio hii haikuwa ikishika tena hadi mwisho wa safari. Walikuwa wamebakiza kilomita nne.